Unataka Kumwaga Cabro kwa Black Cotton? Tulia Kwanza, Kwa Ground Vitu Ni Different

Ile picha unaijua. Msee amemaliza keja yake Kitengela, geti jeusi la kuslide, ukuta wa kijivu, na kutoka geti hadi mlangoni cabro nyekundu zimepangwa zigzag safi kabisa. Anapiga picha, anapost, caption ni "Mungu tu". Comments zimejaa makopa.

Sasa rudi hapo baada ya mvua mbili uone.

Cuzo wangu alipitia hiyo maneno Syokimau. Ilikuwa Februari, jua ya kuchoma hadi mjusi. Fundi akakuja na vijana wanne, wakakwangua nyasi, wakamwaga murram lori moja, wakatandaza dust, cabro zikalala juu. Siku tatu kazi imeisha. "Mkubwa, hii itakuzika," fundi alimwambia akihesabu doh yake. Machi mvua ikaanza. Kufikia Mei, geti lilikuwa limekataa kufunguka juu cabro za pale chini zilikuwa zimeinuka zikalishika. Pale tairi hupita kukawa na mitaro miwili ya kuogesha bata. Halafu siku moja lori la maji likaingia kurudi nyuma, tairi ikazama hadi nusu, na jamaa wa mtaa wakaitwa kusukuma.

Na usidhani fundi alikuwa mwizi. Cabro zilikuwa genuine, ngumu, zimenyooka. Design ilikuwa moto. Shida yote ilikuwa chini, pale ambapo hakuna mtu hupiga picha.

Kwa hivyo hii story ni ya wewe unayelipia ploti pole pole na chama, ama mbuyu amekutuma usimamie mjengo ukiwa huna idea, ama we mwenyewe ndio hupanga cabro kujitafutia. Tubonge kuhusu ile sehemu haionekani.

Hii mchanga ni ya aina gani?

Ukiwa Karen, Kikuyu, Runda ama Kiambu, mchanga ni mwekundu. Ukishuka Embakasi, Mlolongo, Athi River na Kitengela, ama ufuate Kangundo Road hadi Ruai, Kamulu na Joska, unapata ile nyeusi. Na ndio hiyo hiyo inauzwa kwa bei ambayo vijana wanaweza jaribu kufikia. Si bahati mbaya tu, ardhi yenyewe ina tabia.

Mchanga mwekundu na mweusi wa Nairobi zote zimetoka kwa mawe ya volkano. Kilichotenganisha ni maji. Kule juu kwa milima, mvua hunyesha, inateremka, inaosha madini inaenda nayo. Kinachobaki ni mchanga mwekundu uliotulia. Kule chini kwa tambarare za Athi maji hayana pa kwenda. Yanasimama, madini yanabaki palepale, na kwa miaka mingi sana yanatengeneza udongo wa mfinyanzi wa aina moja mkorofi. Wataalamu wa udongo huiita vertisoli. Jina "black cotton" lilitoka India, kule uwanda wa Deccan, ambako pamba ilikuzwa kwa mchanga kama huu. Hapa kwetu utaipata pia Mwea, na hiyo ndio sababu moja mpunga wa pishori hufanya poa huko: maji ukiyaweka juu hayazami ovyo.

Tabia yake iko hivi. Fikiria kitabu chenye kurasa nyembamba hadi jicho haliwezi kuziona. Maji yakija yanaingia katikati ya kurasa na kuzisukuma, kitabu kinafura. Jua likiwaka maji yanatoka, kitabu kinanywea. Ndio maana Januari ukitembea kwa ploti unaona nyufa za kumeza simu yako, na Aprili nyufa zote zimepotea na kiatu kinabaki nyuma. Kenya tuna mvua ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba, kwa hivyo hiyo mchanga inapanda na kushuka mara mbili kila mwaka. Ikifura ina nguvu ya kuinua ukuta wa nyumba ya ghorofa moja na kuupasua. Cabro yako ya sentimita sita ni kitu gani?

Jipimie kwa glasi

Kabla uite mtu yeyote, chimba shimo moja la kujaribu. Upana wa kuingia na jembe, kina kama mita moja na nusu ukiweza. Unataka kujua hiyo nyeusi inaishia wapi. Kuna ploti unapiga nusu mita unapata murram ama mwamba, unacheka. Kuna nyingine unafika mita mbili na bado ni nyeusi tu. Jirani wako si kipimo, juu ploti mbili zimepakana na bado zinaweza kutofautiana.

Halafu chukua mchanga kidogo, uanike ukauke kabisa, uusage, uupitishe kwa chujio la chai. Weka huo unga kwa glasi iliyonyooka ufike sentimita mbili, bila kushindilia. Umwage kwa karatasi, ujaze maji kwa glasi hiyo hiyo, kisha urudishe unga pole pole ndani ya maji. Acha ukae hadi kesho wakati kama huo. Ukipata umetulia pale pale kwa sentimita mbili na kitu, relax. Ukipata umefika tatu, uko na kazi. Ukipata umefika nne, yaani umeongezeka mara mbili, hiyo ndio ile yenyewe na usikubali mtu akuambie "hii tunakwangua tu juu".

Maabara za udongo hufanya kitu kama hiki na chombo chenye vipimo, pamoja na vipimo vingine vya maana zaidi. Ka unajenga nyumba, lipia hiyo. Ka ni njia ya gari tu, glasi itakupatia rada.

Kwani si nimwage zege moja kwa moja?

Swali poa. Watu wengi wakisikia ardhi inasonga, kitu cha kwanza ni kufikiria zege, juu zege ni ngumu. Lakini ugumu ndio tatizo. Slabu nyembamba ikiinuliwa upande mmoja haiwezi kujikunja, inapasuka, na ukitaka kuirekebisha unaita watu wa nyundo. Cabro ni vipande vingi vilivyoshikana kwa mchanga wa katikati. Ardhi ikicheza kidogo, zinacheza nayo. Zikiharibika, unang'oa hapo, unatengeneza chini, unarudisha cabro zile zile. Kwa hivyo kwa black cotton, cabro ni choice ya akili.

Ila "kidogo" ndio neno. Zinastahimili kucheza kidogo. Zile mambo za cuzo wangu hazikuwa kidogo.

Kuchimba: hapa ndio ganji inaenda

Wacha tupige hesabu ya njia ya gari ya kawaida, mita 10 kwa 5. Hiyo ni mita 50 za mraba.

Ka shimo lako limeonyesha nyeusi inaishia karibu, story ni rahisi: toa yote hadi ufike kwa murram ama mwamba. Ikiwa inaenda chini sana, huwezi kuimaliza, kwa hivyo unatoa sehemu ya juu na kuweka kitu kizito kisichofura. Sentimita 60 ni kipimo cha heshima kwa njia ya gari ya nyumbani. Ukitoa sentimita 60 kwa mita 50 za mraba, umetoa mita 30 za ujazo. Na mchanga ukichimbwa unafura, hii kama theluthi moja, kwa hivyo unabeba kama 40. Lori la mita 10 za ujazo litapiga safari nne. Fundi akikupatia bei ambayo haina lori hata moja la kutoa mchanga, hajapanga kuchimba. Anapanga kukwangua.

Na hiyo mchanga usiiweke kando ya ukuta ati utaitumia kujazia. Iende. Ka una shamba nyuma, ipeleke huko mbali na msingi.

Kuna ujanja wa kupunguza kuchimba: inua njia yako iwe juu ya ardhi inayoizunguka. Ukiipandisha sentimita 15, unachimba 45 na bado unapata unene ule ule, na maji ya jirani hayakuingilii. Cheki tu kwamba geti na mlango wa nyumba zinakubali hiyo level, usije ukamwagia maji sebuleni.

Saa hii ukifika chini, kuna kosa moja mafundi hufanya na hata hawajui. Wanachimba wakati wa kiangazi, wanaacha shimo wazi wiki nzima, sakafu inapasuka nyufa, halafu wanafunika hivyo hivyo. Umezika mchanga ukiwa umenywea kabisa. Siku unyevu utaufikia, utafura kwa nguvu yake yote na kuinua kila kitu ulichoweka juu. Sakafu ya shimo inafaa kufunikwa ikiwa na unyevu wa kiasi, nyufa zimefunga, si matope na si mkate mkavu. Nyunyizia maji kidogo kidogo, iache inywe, kisha shindilia na ufunike haraka. Mchanga ambao ulifura kidogo kabla ya kufunikwa hauna mengi ya kukufanyia baadaye.

Ka nyeusi bado iko chini na unataka kulala usingizi, weka chokaa. Hapana, si kunyunyiza ka unga wa chapati. Chokaa ya ujenzi, ile ya unga iliyozimwa, inachanganywa na sentimita 15 za juu za hiyo sakafu kwa kiasi cha kama asilimia 5 ya uzito wa mchanga mkavu. Kwa hesabu yetu ya mita 50, hapo ni kama kilo 525, yaani mifuko 21 ya kilo 25. Unachanganya vizuri hadi donge zivunjike, unanyunyizia maji, unaacha siku moja ama mbili, unachanganya tena, halafu unashindilia. Kinachotokea ni kemia: chokaa inabadilisha vile zile kurasa zinashikana na maji, mchanga unaacha kunata na unakuwa ka chengachenga. Simiti peke yake haiingii poa kwa mfinyanzi unaonata hivi, chokaa ndio hufanya hiyo kazi. Vijana wavae glovu, miwani na kitu ya mdomo, juu hiyo unga inachoma macho vibaya.

Kujaza: kuna beseni unatengeneza bila kujua

Hapa nataka ushike vizuri, juu hapa ndio hata wasee walio na doh huanguka.

Umechimba shimo la sentimita 60 ndani ya mfinyanzi usiopitisha maji. Ukilijaza hardcore tupu, mawe makubwa yenye nafasi katikati, unajua umetengeneza nini? Beseni. Mvua inapenya kati ya cabro, inashuka kwa mawe, inafika chini, inakosa pa kutokea, inakaa hapo ikinywesha black cotton pole pole kutoka chini na kutoka kando. Umejengea adui yako tenki. Juu ya hiyo, mawe yenye ncha yanazama kwa mchanga laini na mfinyanzi unapanda katikati yake. Mwaka mmoja hivi, hardcore yako imemezwa.

Kwa hivyo mpangilio ni huu. Sakafu ya shimo iwe na mteremko kuelekea upande mmoja, na upande huo uwe na paipu yenye matundu ndani ya kokoto inayotoa maji hadi kwa mtaro wa nje. Juu ya sakafu tandaza kitambaa cha jiotekstaili, kile kinachopitisha maji lakini kinakataza mchanga na mawe kuchanganyika. Halafu murram nzuri, sentimita 30, lakini si kwa mkupuo. Sentimita 15, shindilia, 15 tena, shindilia. Kompakta ndogo haifiki chini ya hapo, ukimwaga zote pamoja itakaza juu tu na chini kutabaki hewa. Murram ikishindiliwa vizuri hupunguza maji kushuka, na hiyo ndio tunataka.

Juu ya murram ndio mawe yanakuja, sentimita 20 za hardcore ndogo iliyochanganywa na dust ya kwari ili nafasi zizibe, pia kwa tabaka mbili. Halafu dust ya kulalia sentimita 3. Halafu cabro ya sentimita 8. Jumlisha 30, 20, 3 na 8 unapata 61, kwa hivyo shimo letu la 60 limetosha.

Sasa tumia hesabu hiyo kama CCTV. Murram ya sentimita 30 kwa mita 50 za mraba ni mita 15 za ujazo ikiwa imeshindiliwa. Ikiwa legelege kwa lori unahitaji kama 20, yaani lori mbili za mita 10. Mawe ni mita 10 zikishindiliwa, agiza kama 13. Ukiona lori moja ya murram imeingia na fundi anasema "hii itatosha, mkubwa", unajua tabaka moja imepotea na huhitaji digrii kujua.

Kabla ya cabro, fanya kipimo cha bure. Lile lori lililoleta mawe likiwa bado limebeba mzigo, mwambie dereva arudi nyuma pole pole juu ya kazi yenu. Wewe chuchumaa kando uangalie tairi. Ardhi ikitikisika ka godoro ama iache alama ya kina, hapo hapafai, chimbua mtengeneze upya. Dereva atakuangalia ka mtu wa maana sana ama ka mwendawazimu.

Cabro zenyewe, haraka haraka

Hii sehemu mafundi wengi wanaiweza, kwa hivyo nitaipitia mbio. Zile za mstatili za sentimita 20 kwa 10 zinaingia 50 kwa mita ya mraba. Kwa mita 50 ni 2,500, ongeza za kukata ufike kama 2,625. Ka ni ndai ndogo tu zinapita, sentimita 6 zinatosha. Lakini kaa chini ujiulize: maji unapata wapi? Ka ni lori, lita 10,000 za maji ni tani 10 kabla hujahesabu lori lenyewe. Na ka huna laini ya maji taka, kuna siku gari la kunyonya choo litaingia. Hayo mawili ndio huua njia za gari huku kwetu, si Vitz yako. Nenda na za sentimita 8.

Upangaji wa mfupa wa samaki ndio hushika vizuri zaidi tairi ikikata kona. Ile ya mistari iliyonyooka inakaa poa kwa picha, lakini tairi zinaisukuma inafunguka. Dust ya kulalia isizidi sentimita 4. Fundi akiona kuna shimo na anataka kulijaza dust badala ya kurudi kurekebisha mawe, mkataze, juu hapo ndio patazama kwanza.

Mawe ya pembeni, zile kerb, lazima zikae kwa zege na ziegemezwe zege nyuma. Bila hizo cabro za kando zinahama kwenda shambani, za katikati zinafuata. Mwisho unafagia dust laini ndani ya nafasi, unapitisha kompakta, unafagia tena. Rudia baada ya mvua ya kwanza.

Maji, maji, maji

Ukinishika jambo moja kwa hii story yote, shika hili: black cotton ambayo unyevu wake haubadiliki haisumbui mtu. Kinachouma ni kupanda na kushuka. Kwa hivyo kila kitu unafanya ni kujaribu kufanya unyevu wa chini usibadilike.

Mteremko kwanza. Sentimita 2 kwa kila mita, mbali na nyumba. Kwa mita 10 ni sentimita 20 kutoka mwanzo hadi mwisho, na jicho haliwezi kuona vizuri, kwa hivyo fundi atumie uzi na paipu ya maji, si "nimezoea". Maji ya gata yasimwagike juu ya cabro, yaende kwa tenki ama kwa mtaro. Ile bomba ya tenki inayofurika kila Jumatatu kila mtu akisema ataitengeneza, itengeneze. Paipu zozote zinazopita chini ya njia zipitishe sasa, ndani ya paipu kubwa zaidi, pamoja na nafasi ya waya za intaneti, juu uvujaji mdogo chini ya cabro ni sindano ya maji kwa mfinyanzi kila siku.

Kando ndio hucheza zaidi ya katikati. Katikati kumefunikwa, unyevu wake unatulia. Kando kunapigwa na jua na mvua moja kwa moja. Ndio maana murram inafaa ipite nje ya kerb kama nusu mita, na ukiweza shusha karatasi nzito ya nailoni wima kwa kando ili maji yasiingie wala kutoka chini ya njia kupitia hapo. Halafu yale maua ambayo manzi wako anataka kupanda mstari kando ya cabro, akimwagilia kila jioni? Bongeni. Yapelekwe mita mbili mbali.

Miti nayo. Mkaratusi, ile tunaita blue gum, unanyonya maji ka hauna kesho. Ukiwa karibu, wakati wa kiangazi unakausha mfinyanzi upande mmoja na huo upande unashuka. Hesabu rahisi ni mti ukae mbali angalau kama urefu wake ukikomaa. Na ka kuna mmoja mkubwa tayari, usiukate leo na kujenga kesho, juu mchanga ulioukausha utarudi kunywa maji na kufura. Upe misimu ya mvua kadhaa kwanza.

Na ka yako imeshaharibika?

Usikimbilie kung'oa kila kitu. Tembea na uzi mrefu uweke mashimo na vilima alama kwa chaki, mara moja mwisho wa kiangazi na mara moja katikati ya mvua. Ka ni sehemu moja inazama daima, hapo kuna shida ya kushindilia ama paipu inavuja, unafungua hapo tu. Ka kando zinapanda na kushuka na msimu lakini katikati kumetulia, anza na maji: gata, mtaro, maua. Kuna watu wamerekebisha mtaro na nusu ya shida ikaisha. Ka yote ni mawimbi, pole sana, hakuna njia ya mkato. Cabro zako lakini hazijapotea, zipange kando kwa uangalifu, hesabu, zitarudi.

Ukiongea na fundi, usimuulize "hii itakaa?" Kila fundi atasema itakaa. Muulize unachimba sentimita ngapi, mchanga unaenda wapi, lori ngapi za murram, unashindilia kwa tabaka ngapi na kwa mashine gani, na maji ya chini yanatokea wapi. Fundi mzuri atafurahi, juu amechoka kushindana na wale wa kukwangua ambao bei yao iko chini kila mara. Yule mwingine atakuambia unaleta vitabu kwa mjengo. Mpe pesa ya chai aende. Na malipo yafuate kazi: ya kuchimba ukiona shimo na kupima na futi, ya kujaza ukiona lori limepita bila godoro, ya cabro mwisho.

Cuzo alirudia yake Septemba, kabla mvua ya Oktoba. Shimo lilionyesha nyeusi inaenda zaidi ya mita moja, kwa hivyo alitoa sentimita 45, akainua njia 15, akaweka chokaa na paipu ya kutoa maji hadi kwa mtaro wa barabara. Cabro zilikuwa zile zile za kwanza, hakununua hata mia mbili mpya. Kilichommaliza ni lori za kutoa mchanga na za kuleta murram, yaani vitu ambavyo hakuna mgeni atawahi kuviona. Geti lilishushwa, likapakwa grisi, sasa linafunguka na kidole.

Lori la maji husimama nje na kuvuta paipu hadi kwa tenki. Dereva analalamika kila wiki ati paipu ni nzito na cabro ni mawe tu. Cuzo anamletea chai.